Sukari na Ndimu Badala ya Wembe wa Nyumba Nzima

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia)

  Tunajua mkishachanga pesa za mzunguko kila mtu anakimbilia ng'ombe na watoto, kwa hivyo hatutawachelewesha.

Leo hatukuja na habari za mbuzi wa maziwa wala mbolea ya mboji. Tumekuja kuzungumza juu ya nywele. Si zile za kichwani mnazosukana Jumamosi. Ni zile za mwilini: za kwapani, za miguuni, na za sehemu za siri. Naona wengine wameanza kucheka na wengine wameinamisha kichwa. Chekeni kidogo, tukimaliza tuendelee. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jambo hili tumelifanya la kujificha, na ndani ya kujificha huko kuna hatari inayozunguka nyumbani bila mtu kuitaja.

WEMBE WA NYUMBA NZIMA

Katika nyumba nyingi tunazotembelea kuna wembe mmoja. Umechomekwa kwenye ufa wa ukuta, au uko juu ya mlango, au umelala ndani ya kikombe cha miswaki. Wembe huo unakata kucha za baba. Unanyoa kichwa cha mtoto. Unafumua mshono wa sare ya shule. Jioni mama anauchukua anaenda nao bafuni, na msichana wa sekondari akija likizo anauchukua pia, kimyakimya. Hakuna anayemwuliza mwenzake: wewe uliutumia lini?

Sasa sikilizeni. Wembe ukinyoa, haukati nywele peke yake. Unaparuza ngozi pia. Mara nyingi hata huoni damu, lakini ukipaka sabuni au chumvi ndipo unasikia inawasha. Hivyo ni vidonda, ni vile tu ni vidogo mno. Damu kidogo inabaki kwenye makali, na mtu wa pili anaiingiza kwenye vidonda vyake.

Mkisikia hivyo mnafikiri UKIMWI, na mna haki kuogopa. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao hatuutaji sana, nao ni homa ya ini aina ya B. Virusi vya UKIMWI ni dhaifu vikiwa nje ya mwili. Vile vya homa ya ini ni sugu: vinaweza kukaa hai hata kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Maana yake ni kwamba wembe uliotumika Jumapili unaweza bado kuwa na ugonjwa Ijumaa, hata ukionekana mkavu na safi. Tena mtu anaweza kuwa na virusi hivi miaka mingi bila kuumwa popote, huku ini lake linaharibika polepole. Wengine mwishowe hupata saratani ya ini.

Ugonjwa huu una chanjo. Hapa Kenya watoto wachanga walianza kupewa mwaka 2001, ikiwa pamoja na chanjo nyingine ndani ya sindano moja. Lakini hebu tuangalie sisi tulioketi hapa. Wengi wetu tulizaliwa kabla ya mwaka huo. Huenda hatukuchanjwa hata siku moja.

Kuna wanaotuambia, "Sisi ni mama na binti, damu ni moja, tutaambukizana nini?" Kuna mume anayesema, "Mke wangu akininyima wembe ananishuku." Ndugu zetu, mswaki wako humpi mtu, na hakuna anayekasirika. Wembe nao uwe hivyo. Kila mtu awe na wake, si kwa sababu anamshuku mwenzake, bali kwa sababu anampenda. Na kuuvunja wembe vipande viwili ili mgawane si vibaya kama bado ni mpya, kila mtu akae na nusu yake. Ubaya ni nusu hiyo kupita mikono mitatu.

Wengine husema wanauosha kwa maji moto, au wanaupitisha kwenye moto wa kibiriti. Hayo hayatoshi. Usitegemee kusafisha wembe wa mtu mwingine. Usiutumie, basi.

JE, NI LAZIMA KUONDOA NYWELE?

Kabla hatujaingia jikoni, tulijibu swali hili kwanza, maana akina mama wengi wanajikata kwa kuamini kwamba nywele ni uchafu.

Nywele si uchafu. Harufu ya kwapa inatokana na vijidudu vya kwenye ngozi vinavyokula jasho. Maji na sabuni kila siku ndiyo dawa yake, uwe na nywele au usiwe nazo. Nywele za sehemu za siri zinapunguza msuguano wa ngozi kwa ngozi na wa nguo. Anayetaka kuziacha aziache, hapungukiwi na usafi. Anayetaka kuzipunguza tu, mkasi wake mwenyewe unatosha, na haukwaruzi ngozi.

Hasa tunasema na akina mama wajawazito. Kuna desturi ya kujinyoa mwezi wa tisa ili muuguzi asikuone vibaya. Mama tumbo limejaa, haoni anakokata, ameinama kwenye bafu lenye giza, na wembe wenyewe ni ule wa ukutani. Tangu mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani limeweka kunyoa nywele kwa kila mama anayejifungua katika orodha ya mambo yasiyofaa yanayostahili kuachwa. Mwaka 2016 shirika hilo lilitoa mwongozo juu ya upasuaji, likasema hata mgonjwa anayepasuliwa asinyolewe kwa wembe. Ikiwa ni lazima kabisa, nywele zipunguzwe kwa mashine. Sababu ni ile ile: vidonda vidogo vya wembe ni mlango wa vijidudu. Basi mama, nenda ukajifungue kama ulivyo. Oga tu.

Tena tuseme wazi. Uamuzi wa kuondoa au kuacha ni wa mwenye mwili. Mume asimlazimishe mkewe, na wasichana wasichekane bwenini.

SUKARI NA NDIMU

Sasa, kwa yule anayetaka kuondoa na amechoka na wembe, kuna njia ya zamani sana. Huko Misri na nchi za Kiarabu akina mama hupika sukari na ndimu mpaka iwe kama ulimbo, wakaitumia kung'oa nywele. Wanaiita halawa. Neno hilo ni ndugu ya halua yetu, ile tamu inayoliwa na kahawa. Kwetu Pwani pia njia hii inajulikana: bibi arusi anapoandaliwa, pamoja na hina na singo, anaondolewa malaika, yaani vile vinywele laini vya mwilini, na wapo wanaotumia sukari na ndimu. Kwa hivyo si jambo la wazungu, wala si la matajiri wa mjini. Vitu vyake viko jikoni kwako.

Vinavyohitajika:

Sukari kikombe kimoja.
Maji ya ndimu au limau vijiko vikubwa viwili, yachujwe mbegu.
Maji safi vijiko vikubwa viwili.
Sufuria ndogo nzito, mwiko wa mti, bakuli la maji baridi, na chupa ya glasi yenye mdomo mpana na kifuniko.

Jinsi ya kupika:

1. Tia vyote kwenye sufuria, koroga, weka kwenye moto wa kiasi. Kama ni jiko la makaa, punguza makaa kwanza. Moto mkali unaunguza sukari kabla haijaiva.

2. Itaanza kutoa mapovu. Koroga polepole mpaka rangi iwe kama ya asali. Hapo ni karibu dakika 10 hadi 15, lakini usitazame saa, tazama rangi. Ikiwa ya kahawia nyeusi na kunuka kama imeungua, imepita, haitavutika tena.

3. Pima. Dondosha tone kwenye maji baridi. Likiyeyuka na kupotea, bado. Likiwa gumu kama peremende, imezidi. Ongeza kijiko kimoja cha maji kwa uangalifu, kwa maana itaruka, kisha upashe tena. Likiwa laini na unaweza kulifinyanga kwa vidole kama unga wa chapati, epua.

4. Mimina kwenye bakuli, uache ipoe kabisa. Kabisa! Sukari inayochemka ni moto kuliko maji yanayochemka, tena inaganda kwenye ngozi na haitoki. Watoto wasikae karibu na jiko wakati huu. Mtu akiungua, mwagilia maji baridi safi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga.

Mtauliza, ndimu ni ya nini? Ukali wa ndimu unaivunja sukari ili isirudi kuwa chembechembe inapopoa. Bila ndimu utabaki na kitu kigumu cha mchanga mchanga. Ikiwa tayari, hukaa wiki kadhaa ndani ya chupa iliyofunikwa. Ikiwa ngumu, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu.

JINSI YA KUTUMIA

Kwanza nywele ziwe na urefu wa kutosha, kama punje ya mchele hivi. Zikiwa fupi mno, halawa haina cha kushika. Ikiwa ulinyoa juzi, subiri wiki mbili.

Osha mahali pale kwa sabuni, ukaushe vizuri. Jasho na mafuta huifanya halawa iteleze. Kwapani unaweza kupaka poda kidogo.

Nawa mikono. Chukua kipande kama ukubwa wa ndimu ndogo, ukifinyange mpaka kipauke. Tandaza kwenye ngozi kwa kwenda kinyume na nywele zinavyolala. Kisha vuta ngozi kwa mkono mmoja ikaze, na kwa mkono wa pili ng'oa haraka kufuata nywele zinavyolala. Usivute kwenda juu, vuta sambamba na ngozi. Ukiogopa na kuvuta polepole, ndipo utaumia zaidi.

Rudia sehemu ndogo ndogo. Mahali pamoja usipite zaidi ya mara mbili siku moja. Ukimaliza, osha kwa maji ya uvuguvugu. Sukari yote inayeyuka na kutoka, hata iliyoanguka kwenye kitambaa. Halafu, siku hiyo usipake manukato wala dawa ya kuzuia jasho, na usivae nguo ya kubana.

Anayeanza aanze na mguu. Jaribu kipande kidogo, subiri siku moja, uone kama ngozi imekubali. Usiparukie kwapa wala sehemu za siri siku ya kwanza.

TULIYOYAONA TULIPOIJARIBU

Tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama, tukapika pamoja, kila mmoja akaenda na yake nyumbani, baadaye tukakutana tena. Tunawapa habari kama zilivyo, mabaya na mazuri.

Inauma. Asikudanganye mtu. Mara ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, hasa kwapani. Ya pili ni afadhali, maana nywele zinazorudi huwa nyembamba kidogo.

Wakati wa joto halawa inalainika na kunata mikononi kama gundi. Dawa yake ni kufanya kazi asubuhi, au kuiweka chupa kwenye maji baridi kidogo.

Ngozi hubaki laini kwa wiki tatu hivi, pengine nne. Wembe ni siku mbili tatu tu, halafu inaanza kuchoma choma. Nywele zetu nyingi ni za kujikunja. Wembe ukizikata huwa na ncha kali, zikijikunja zinaingia tena kwenye ngozi, ndipo unapata vile vipele. Halawa hupunguza vipele hivyo kwa wengine, lakini si kwa wote, kwa sababu nywele inayoota upya inaweza pia kukwama chini ya ngozi. Kusugua taratibu kwa kitambaa wakati wa kuoga, kuanzia siku ya tatu, kunasaidia. Kipele kikijaa usaha, usikitoboe kwa sindano, nenda zahanati.

Na mama mmoja alisema, "Mimi siwezi, narudi kwa wembe, lakini sasa nimenunua wangu na nimeufunga kwenye kitambaa changu." Tulimpigia makofi sawa na wengine. Yeye ndiye aliyeelewa somo.

HALAWA NAYO HAIGAWANWI

Hapa tunaomba masikio yote. Mtu anaweza kufikiri kwamba kwa kuwa si wembe, basi hakuna hatari. Nywele iking'oka, wakati mwingine hutoka tone dogo la damu. Kipande kilichogusa mwili wako kina damu yako. Usimpe mwenzako, hata dada yako. Usikirudishe kwenye chupa. Mkipika pamoja kuokoa sukari na makaa, gaweni kabla ya kutumia, kwa kijiko safi, kila mtu na kichupa chake. Ukimaliza, kilichotumika kitupwe chooni.

Vivyo hivyo, wembe wa zamani usitupwe shambani wala kwenye taka ambako watoto wanachezea. Utie kwenye mkebe wenye kifuniko, mkebe ukijaa utupwe kwenye choo cha shimo.

WASIOTAKIWA KUTUMIA

Mwenye ugonjwa wa kisukari asitumie kabla ya kuuliza daktari. Si kwamba sukari itaingia mwilini. Ni kwa sababu vidonda vyake hupona polepole. Mwenye vidonda, majipu, vipele vya maji au upele mahali pale, aache kwanza upone. Mwenye mishipa ya miguu iliyovimba asivute miguuni. Usivute juu ya chunjua wala baka lililoinuka. Anayepaka krimu za kujichubua asijaribu, kwa maana ngozi yake imekuwa nyembamba na inaweza kutoka pamoja na nywele. Watoto wasifanyiwe. Mama mjamzito, tumeshasema: oga tu.

Sehemu za siri, ishia kwenye kinena kwa nje. Ile ngozi laini ya ndani usiiguse.

Akina baba, msifikiri tumewasahau. Halawa haifai kwa ndevu nene. Mwenye vipele vya kidevuni apunguze ndevu kwa mkasi au mashine, aziache fupi bila kuzifyeka hadi kwenye ngozi. Na kwa kinyozi, mwombe asafishe mashine kwa spiriti mbele ya macho yako. Ni haki yako, unalipa.

KAZI YA KIKUNDI

Tunajua mnapenda mradi. Tayari tumesikia mtu nyuma pale anauliza kama tunaweza kuuza. Tunasema, kwanza tujifunze kwa matumizi ya nyumbani. Kitu cha kuuzwa dukani kina masharti yake, na ni lazima kipitie kwa shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS. Tusikimbilie huko leo.

Kuna faida iliyo karibu zaidi. Hesabuni ni watu wangapi nyumbani kwako, kisha nunueni wembe kwa pakiti kupitia kikundi, kila mtu apate wake na karatasi yenye jina lake. Hiyo ni pesa ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali mara moja. Pia ombeni muuguzi wa zahanati yenu aje siku ya mkutano awaeleze juu ya kipimo na chanjo ya homa ya ini kwa watu wazima. Na mkumbuke mahali pengine wembe unapozunguka: katika jamii kadhaa watu wa boma hunyolewa baada ya mazishi. Desturi ni yenu, hatuigusi. Tunaomba tu mzee anayenyoa awe na wembe mpya kwa kila kichwa, na kikundi kinaweza kuchangia huo wembe kama kinavyochangia sukari ya chai ya matanga.

Maswali haya mjadiliane mkiwa mmekaa wenyewe, akina mama peke yao ikiwa ni afadhali:

1. Wembe wa nyumbani kwako unakaa wapi, na ni nani wote wanaoutumia?
2. Binti zetu wanajifunza kwa nani jinsi ya kutunza miili yao? Sisi, au wenzao wa bweni?
3. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja wetu atabadilisha jambo gani moja?

Wahenga pia walisema mtoto akililia wembe mpe. Walisema hivyo ili mkaidi ajifunze kwa kuumia. Lakini huu wa ukutani hauumizi siku ile ile, unangoja miaka, na anayeumia pengine ni yule ambaye hakuulilia. Leo mkifika nyumbani, utoeni kwenye ule ufa, mtie kwenye mkebe.

Tumemaliza. Mweka Hazina, endelea na mzunguko.